Bahari, ziwa, mto au lambo: mbwa wako aogelee wapi?

Mbwa anayejua kuogelea huzama mara nyingi kwa sababu moja: nguvu zinamwishia akitafuta pa kutokea. Kuingia majini ni rahisi, hata kuteleza kunatosha. Kutoka kunataka ardhi inayopanda polepole, inayoshikika kwa kucha, na iliyo upande ule ambao maji yanampeleka. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na uzuri wa mahali wala umbali kutoka nyumbani. Unaanza na njia ya kutoka.

Tumechukua maji manne ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki huyafikia kwa urahisi: bahari, ziwa kubwa kama Victoria, mto, na lambo au bwawa la shamba. Kila moja tumelipima kwa mambo yale yale: mbwa anatokaje, maji yanakwenda vipi, kuna viumbe na sumu gani, unafanya nini baada ya kuogelea, na mahali hapo panamfaa mbwa wa namna gani.

Jambo moja halilinganishwi. Maji yenye mamba au kiboko si mahali pa mbwa, hata awe mwogeleaji hodari. Rufiji, Tana, Mara, Galana hadi mdomo wake wa Sabaki, Ziwa Naivasha kwa viboko wake, fukwe za Bujumbura karibu na mdomo wa Ruzizi: hapo mbwa abaki kwenye kamba, mbali na ukingo. Mamba humvizia mnyama anayekuja kunywa maji, na mbwa anayerukaruka kwenye kina kifupi huonekana kama windo. Usiridhike kwa sababu hujamwona. Waulize wavuvi na wachota maji, na uliza hasa kuhusu miezi ya mvua, kwa kuwa mito ikifurika mamba hufika kwenye vijito na madimbwi ambayo kiangazi hayana kitu.

Bahari

*Kutoka.* Ufukwe wa mchanga unaoteremka taratibu ndio mlango bora wa kutokea kuliko yote manne. Mbwa hukanyaga chini mapema na kutembea hadi nchi kavu. Shida ni kwamba mlango huo unahama. Pwani yetu ina maji makubwa: siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4 Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Pahali palipokuwa na mchanga laini saa tisa, saa kumi na mbili panaweza kuwa mwamba mkali au ukuta wa hoteli usio na ngazi.

*Mwendo wa maji.* Maji huchukua kama saa sita kujaa na saa sita kupwa, na hukimbia zaidi katika saa ya tatu na ya nne. Ule muda wa mwisho wa kujaa, tuseme saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, ndio bora: mkondo umepungua, na kinachobaki kinasukuma kuelekea ufukweni. Maji yakishaanza kupwa, yote yaliyokuwa kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe hutafuta mlango wa kutokea kwenda bahari kuu, na mbwa anayefuata mpira kuelekea mlangoni huenda nayo. Siku hizo za bamvua maji hujaa takriban saa kumi alasiri na kupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, mambo hugeuka, na mbio za maji ni ndogo. Kama unampeleka mara ya kwanza, chagua maji mafu.

Upepo nao una neno. Wakati wa kaskazi, maji ya ndani ya mwamba hutulia zaidi. Kusi ikishika, mawimbi hukua na mwani hutupwa ufukweni kwa marundo, na marundo hayo huficha mambo tunayoyataja sasa hivi.

*Viumbe na sumu.* Hatari kubwa ya ufukweni haiko majini. Ni bunju, samaki anayejivimbisha, aliyekufa. Wavuvi humtupa, mawimbi humleta, mbwa humtafuna. Sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumua, na haina dawa ya kuiondoa. Daktari wa mifugo anachoweza ni kumsaidia mbwa kupumua hadi mwili uishinde. Dalili ni kutapika, kutoa mate, kuyumba kwa miguu ya nyuma, na zinaweza kuanza ndani ya dakika chache. Mbwa anayeokota kila kitu basi asiachiwe ufukweni bila kamba. Wala usimfunge mdomo kwa kizuizi halafu ukamwacha aogelee, maana mbwa anayeogelea hupumua kwa mdomo pia.

Maji yakipwa, mwamba hufichua nungunungu wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na kwenye vidimbwi vya mchanga kuna samaki aina ya taa, wenye mwiba mkiani. Konyeza, viumbe laini wanaowasha ngozi, huja kwa misimu. Paje na Jambiani, Zanzibar, kuna mashamba ya mwani: vijiti na kamba zilizotandazwa kwenye kina kifupi, mtego tosha kwa miguu ya mbwa na hasara kwa mwenye shamba. Maji ya chumvi yenyewe ni sumu yakizidi. Mbwa mwenye kiu huyanywa, hutapika na kuharisha, na akiyanywa mengi huanza kuyumba na kutetemeka. Beba lita 2 za maji ya kunywa yasiyo na chumvi kwa mbwa wa kilo 25, mpe kabla hajaingia, kisha kila dakika 15.

*Baada ya kuogelea.* Mwoshe kwa maji yasiyo na chumvi, hasa tumboni, kwapani na kati ya vidole. Kausha masikio kwa kitambaa laini, usiingize pamba ndani.

*Panamfaa nani.* Mbwa mwenye nguvu anayerudi akiitwa, na mfugaji aliye tayari kusoma maji. Ongeza na ustaarabu wa mahali: watu wengi wa pwani ni Waislamu, na mbwa aliyelowa akimgusa mtu au nguo ya sala anamtia kazi ya kujitwaharisha. Nenda sehemu tulivu, mbali na wavuta juya na watoto wanaooga.

Ziwa kubwa

*Kutoka.* Inategemea sana pahali ulipo. Ufukwe wa mchanga wa Ziwa Victoria ni mzuri karibu sawa na wa bahari, na hauhamihami. Lakini sehemu kubwa ya kingo ni mafunjo na matete, na hapo mbwa hana pa kukanyaga: shina huinama, mizizi huelea, matope hufyonza. Kuna pia gugumaji. Kutoka juu linafanana na nyasi, na mbwa asiyelijua hulirukia akidhani ni nchi kavu, akatumbukia chini yake. Usimwachie karibu na zulia la gugumaji hata kama leo liko mita 50 kutoka ufukweni, kwani upepo ukigeuka hulileta lote kwa saa chache.

*Mwendo wa maji.* Hakuna kujaa na kupwa. Kuna upepo. Asubuhi ziwa huwa shwari. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na kuinua mawimbi mafupi yanayofuatana upesi. Mawimbi hayo humchosha mbwa kuliko marefu ya baharini, kwa sababu hapati nafasi ya kuvuta pumzi kati ya moja na jingine. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndiyo muda wa mbwa.

*Viumbe na sumu.* Hapa ndipo ziwa linapotaka macho. Mwani wa bluu-kijani huchanua kwenye ghuba zilizofungwa na zenye uchafu wa miji, kama Ghuba ya Winam upande wa Kisumu na Ghuba ya Mwanza. Baadhi hutoa sumu inayoua ini, nyingine hushika mishipa ya fahamu. Mbwa yuko hatarini kuliko mtu kwa sababu hunywa maji hayo, kisha hulamba manyoya yaliyobeba utando. Dalili zinaweza kuja ndani ya nusu saa au baada ya siku: kutapika, kulegea, ufizi kupauka au kuwa wa manjano, degedege.

Kutambua ni hivi. Ukiona maji kama rangi ya kijani iliyomwagwa, au povu la kijani limekusanyika upande ambao upepo unaelekea, ondoka. Ukiwa na shaka, chovya kijiti: kikiinuka na nyuzi ndefu kama nywele, huenda ni mwani wa kawaida, kikitoka kama kimepakwa rangi, ni dalili mbaya. Kwa mahali unapokwenda kila wiki, jaza chupa inayoona ndani robo tatu, ukiwa na glavu, usiikaze kifuniko, iache wima usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikipanda juu na kufanya pete, huo ni mwani wa bluu-kijani. Kikizama chini, kwa kawaida ni mwani mwingine. Kipimo hiki hakisemi kama kuna sumu. Kinakuambia tu usimwingize mbwa. Na kama ameshaingia, mwoshe papo hapo kwa maji safi kabla hajajilamba, halafu nenda kwa daktari bila kungoja dalili.

Kichocho ni hatari yako wewe zaidi kuliko yake. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye kina kifupi chenye majani, pale pale unapoingia hadi magotini kumwita mbwa. Vaa buti za mpira. Karibu na mialo ya wavuvi tafuta ndoano na vipande vya nyavu mchangani kabla ya kumfungua.

*Baada ya kuogelea.* Kumwosha na kumkausha, kisha kukagua nyayo.

*Panamfaa nani.* Mbwa anayejifunza, endapo ni ufukwe wa mchanga, maji ni angavu na ni asubuhi. Hapamfai mbwa anayependa kuzama kwenye matete kufukuza ndege.

Mto

*Kutoka.* Mbwa wa mtoni hatoki pale alipoingia. Atatoka chini zaidi, kwa hiyo tembea kwanza ukingo wa chini wa mita 100 hadi 200 ukitafuta mambo mawili: sehemu za kutokea, na vitu vinavyoua. Upande wa ndani wa kona maji ni mafupi na mchanga hujikusanya; huo ndio mlango. Upande wa nje wa kona ukingo umechimbwa na maji ni ya kina, mbwa atakwaruza udongo mpaka achoke. Kinachoua zaidi ni mti ulioanguka. Maji hupita katikati ya matawi, mbwa hapiti. Ukiona mti wa hivyo, au kizingiti cha zege chenye maji yanayojirudia chini yake, hapo si pa kuogelea.

*Mwendo wa maji.* Tupa kijiti katikati, kisha tembea polepole sambamba nacho. Kikikuacha, mbwa hataweza kurudi juu, na itabidi uutegemee mto umpeleke. Kama unamrushia kitu, rusha kuelekea juu mto unakotoka, ili akikifikia awe anarudi kwako na mkondo. Kosa tunaloliona sana ni kurusha chini. Mbwa anakifuata, kila sekunde kinazidi kwenda, naye hakati tamaa.

Mto hujaa hata jua likiwaka ulipo, kwa sababu mvua inanyesha milimani. Maji yakianza kubadilika rangi, majani na povu vikaongezeka, mtoe mbwa dakika hiyo hiyo. Baada ya mvua kubwa subiri siku mbili au tatu.

*Viumbe na sumu.* Mto unaopita mjini, kama Msimbazi au Mto Nairobi, umebeba maji taka na usiguswe. Mito ya mashambani ina homa ya mgunda, ugonjwa wa leptospira uliozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, huishi kwenye maji na matope, na huingia kupitia mchubuko au utando wa macho na mdomo. Mbwa ana chanjo yake: dozi mbili za mwanzo zinazopishana wiki mbili hadi nne, kisha kila mwaka. Uliza wazi kama chanjo ya mseto anayopewa inaijumuisha, maana si zote.

*Baada ya kuogelea.* Kagua pua. Mbwa anayepiga chafya na kutoka damu tundu moja la pua siku chache baadaye huenda amebeba ruba, na ruba hutolewa na daktari.

*Panamfaa nani.* Mbwa mzoefu, mwenye afya, kwenye kidimbwi tulivu cha mto mdogo wa nyanda za juu wakati wa kiangazi.

Lambo na bwawa la shamba

*Kutoka.* Maji yametulia, hayana wimbi wala mkondo, na kwa macho ya wengi hapa ndipo salama. Kwa lambo la udongo lenye mteremko mpole ni kweli. Bwawa lililotandikwa nailoni, lile la kuvunia maji ya mvua au kumwagilia, ni mtego mbaya kuliko bahari yenye mawimbi. Nailoni ikilowa huota utelezi, kuta ni mkato, na mbwa huzunguka pembeni akiparua bila kupata mshiko. Hata mtu mzima huzama humo. Uzio unatakiwa, na ndani yake njia ya kutokea kila upande: wavu wa kamba nene upana wa mita 1 au zaidi, umefungwa kwenye nguzo zilizochimbiwa nje ya ukingo, ukishuka hadi mita 1 chini ya kiwango cha maji cha kiangazi. Matairi yaliyofungwa kwa kamba kama ngazi nayo hufaa. Weka na kwenye kona, kwa kuwa mbwa akizunguka hukwama huko. Kisha mfundishe: mshike, mwingize karibu na wavu, mwongoze apande, mara kumi, hadi aujue bila kuoneshwa.

Lambo la udongo linataka mteremko wa mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kushuka, uliowekwa changarawe pale ng'ombe wanaponywea ili pasigeuke tope. Mashimo ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji yaachwe kabisa. Kuta zake ni wima.

*Mwendo wa maji.* Haupo.

*Viumbe na sumu.* Maji yaliyolala yenye mbolea ya ng'ombe na jua kali ni shamba la mwani wa bluu-kijani, na lambo likipungua sumu inakolea. Angalia pia linakotoka maji: josho la mifugo au shamba lililopuliziwa dawa likiwa juu ya lambo, mvua ya kwanza huosha vyote kuingia humo.

*Baada ya kuogelea.* Sabuni na maji safi, kwa sababu ya tope.

*Panamfaa nani.* Mwanafunzi na mbwa mzee, kwa sharti la mteremko na maji angavu.

Vifaa hubadilika kulingana na maji

Jaketi okozi la mbwa lenye mshikio mgongoni linafaa kote. Likae sawa kiasi cha vidole viwili kupita kati yake na mwili. Likilegea mbwa huchomoka kwa mbele unapomnyanyua. Kwa pug, bulldog na wenzao wa pua fupi si la hiari: ili kuweka pua juu hulazimika kuinua kichwa, kiwiliwili kikasimama wima, wakazama. Dachshund naye miguu yake ni mifupi mno.

Kamba ndefu ya mita 10 inayoelea, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani na si shingoni, ni rafiki kwenye mchanga mtupu wa bahari au ziwa. Mtoni ni kitanzi. Itanasa kwenye tawi na mkondo utamzamisha. Mkanda wa shingoni unaojikaza uvuliwe kila mahali.

Kwenye maji yasiyo na chumvi, mbwa anayerudisha mpira mara thelathini humeza maji kila anapofungua mdomo, na yakiwa mengi mno, chumvi ya damu hushuka. Akivimba tumbo, akayumba, akatoa mate na macho kuganda, ni dharura. Tumia kitu bapa badala ya mpira, dakika 10 majini kisha 10 za kupumzika.

Mbwa aliyezama: mtoe, toa uchafu mdomoni, inamisha kichwa chini ya kiwiliwili kwa sekunde chache maji yatoke, usimning'inize wala kumzungusha. Kama hapumui na hana mapigo, mlaze ubavu, bana kifua mara 30 kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya upana wake, kisha funga mdomo wake na upulize puani mara 2. Rudia huku mkielekea kwa daktari. Hata akizinduka na kutikisa mkia, apelekwe, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Uamue vipi

Mtoto wa mbwa aliyemaliza chanjo: ufukwe wa ziwa asubuhi au lambo la mteremko mpole, dakika 3, na wewe ukiingia naye, buti miguuni.

Mbwa anayeokota kila kitu: lambo au kidimbwi cha mto, si ufukwe wa bahari.

Mbwa asiyerudi akiitwa: mchanga wazi wa bahari au ziwa na kamba ndefu, maji mafu. Mtoni asiende.

Mbwa mzee, mzito au wa pua fupi: maji yanayofika kifuani tu, jaketi, na mahali anapoweza kutembea kutoka.

Mfugaji asiyejua kuogelea: lambo dogo au ufukwe ambao kina kinabaki magotini kwa mita 20, na kamba mkononi.

Miezi ya masika: mito na malambo yapumzike. Bahari ndani ya mwamba inaweza kufaa siku ya utulivu, mbali na midomo ya mito inayomwaga tope.

Kama ulipo hakuna hata moja linalopita vipimo hivi, karai pana la maji kivulini, lenye kina cha sentimita 20, humpoza mbwa vizuri siku ya joto, nawe unaliona lote kwa mtazamo mmoja.